Soriasisi Naks: Maji ya Olkaria, Aloe ya Shamba ama Cream ya Mtaa? Cheki Rada Kabla Utoe Doo

Kama unaishi Naks na una soriasisi, tayari unajua kila mtu mtaani ni daktari. Mathee wa mboga pale Top Market anakuambia chemsha mwarobaini. Jamaa wa nduthi anajua mzee fulani Molo mwenye mizizi. Auntie anataka muende Subukia kuchota maji. Beshte yako ameona TikTok msee akiingia maji moto ya Olkaria na madoa, akatoka ngozi ikiwaka kama kioo. Na kwa nguzo ya stima karibu na stage kuna karatasi imebandikwa: ngozi, nguvu za kiume, kesi za mashamba, piga simu.

Hakuna hata mmoja wao amekuuliza kama umeona mtu wa ngozi hospitalini.

Leo tunachambua hii stori pole pole, kwa sababu kuna doo nyingi zinapotea hapo katikati, na doo ndio hasara ndogo. Ukiingizwa box vibaya unaweza kupoteza ini, unaweza kupoteza ngozi, na unaweza kupoteza miaka yako ya ishirini ukijificha ndani ya hoodie saa saba mchana na jua la Naks linachoma lami. Kuna vitu hapa vinasaidia kweli, kuna vingine vinakula tu mfuko, na kuna vingine vinaweza kukulaza wodi. Shida ni kwamba vyote vinauzwa na mdomo ule ule.

Kwanza, hii kitu ni nini?

Soriasisi (hospitalini itaandikwa na P mbele ambayo haisomwi) si uchafu, si laana na si ugonjwa wa kuambukizwa. Ni kinga ya mwili imechanganya mafaili. Ngozi ya kawaida inajibadilisha kwa karibu mwezi mmoja. Ya mtu wa soriasisi inaharakisha, kazi ya mwezi inafanywa kwa siku 3 au 4. Seli mpya zinafika juu kabla za zamani kuondoka, zinarundikana, unapata mabaka mazito yenye magamba meupe, kwa kiwiko, kwa goti, kichwani, mgongoni, hata kwa kucha.

Sasa hapa kuna mtego. Picha nyingi za intaneti ni za ngozi nyeupe, kwa hivyo zinaonyesha mabaka mekundu. Kwa ngozi yetu hayo mabaka mara nyingi yanatokea ya zambarau, ya kijivu ama ya kahawia nzito. Ndio maana wasee wengi wanatibiwa choa miezi mingi, wanapakwa dawa ya fangasi, na hakuna kitu inabadilika.

Shirika la Afya Duniani linasema duniani kuna watu wasiopungua milioni 100 wenye hii hali. Mei 2014, nchi wanachama walikaa Geneva wakapitisha azimio wakikubali kwamba soriasisi ni ugonjwa wa kudumu, wa maumivu, usioambukiza, na ambao hauna tiba ya kuumaliza kabisa. Shika hiyo sentensi ya mwisho. Mtu akikuambia anaponya soriasisi milele kwa chupa tatu, anakuambia ameshinda madaktari wote wa dunia akiwa amesimama kwa kibanda. Muulize kwa nini bado anauza kwa kibanda.

Kutokuwa na tiba ya kumaliza haimaanishi hakuna matibabu. Inaweza kutulizwa, wakati mwingine ngozi inasafika kabisa kwa miaka. Hiyo tofauti kati ya kutuliza na kuponya ndio matapeli wanaila kila siku.

Na si ngozi peke yake. Karibu watu 3 kati ya 10 wenye soriasisi wanaweza kupata ugonjwa wa viungo unaotokana nayo: vidole vinavimba, kisigino kinauma, asubuhi mgongo umekauka kama ubao. Ukichelewa, viungo vinaharibika na havirudi. Kwa hivyo ukiwa na mabaka na pia vidole vimefura, wacha kusubiri.

Hata Kim K aliuliza mtandaoni

Usidhani ni watu wa mtaa tu wanahangaika. Kim Kardashian aliitangaza yake kwa TV mwaka wa 2011. Januari 2019, akiwa na doo zote hizo na madaktari wa Hollywood kwa simu, aliingia Twitter akauliza watu ni dawa gani inawafanyia kazi kwa sababu yake ilikuwa imeenea mwilini. Cyndi Lauper pia amejitokeza akasema anaishi nayo.

Tunataja hao kwa sababu moja. Mtu akichoka na ugonjwa usioisha, atauliza yeyote. Kwa hivyo wewe ukijipata saa nane usiku unatazama video za siki ya tufaha na magadi, wewe si mjinga. Umechoka. Na mtu aliyechoka ndiye mteja mtamu zaidi sokoni.

Maji ya Olkaria: kuna ukweli, lakini soma yote

Tuanze na ile inavuma. Pale Naivasha, ndani ya Hell's Gate, KenGen ina bwawa la kuogelea la maji yanayotoka kwa visima vya mvuke vya Olkaria. Maji ni ya moto, yana rangi ya buluu ya maziwa, yana harufu ya yai lililooza, na yana madini mengi, hasa silika. Watu wanatoka Nairobi wikendi kuogelea na kupiga picha, na stori ya mtaani ni kwamba yanatibu ngozi na viungo.

Hiyo stori haikuzaliwa Naivasha. Ilizaliwa Aisilandi, nchi ya barafu na volkano kule kaskazini. Kule Svartsengi kulijengwa mtambo wa jotoardhi mwaka wa 1976, na maji yaliyobaki yakatengeneza ziwa dogo la buluu. Mwaka wa 1981, mgonjwa mmoja wa soriasisi aliomba ruhusa kuoga ndani, akaona ngozi inatulia, habari zikaenea. Leo hiyo ni Blue Lagoon, watalii wanapanga foleni. Na cheki hii: 1981 ndio mwaka ule ule mtambo wa kwanza wa Olkaria ulianza kutoa stima. Mainjinia wengi wa jotoardhi wa Kenya wamesomea Aisilandi, kwa hivyo wazo la kuoga maji ya mtambo halikuwa na safari ndefu.

Je, kuna ushahidi? Kwa Blue Lagoon, upo. Utafiti uliochapishwa 2014 ulilinganisha wagonjwa waliooga pale na kupigwa mwanga wa UVB, dhidi ya wale waliopigwa mwanga peke yake. Waliochanganya vyote viwili walifanya vizuri zaidi. Lakini wagonjwa walikuwa wachache, hawakufika mia moja. Na ona vizuri: hata wale waliooga hawakuoga tu. Walipata pia mwanga wa hospitali, mara kadhaa kwa wiki, kwa wiki kadhaa, wakisimamiwa na madaktari.

Sasa lete hiyo hesabu Naivasha. Maji ya Blue Lagoon yana sehemu kubwa ya maji ya bahari. Ya Olkaria hayana bahari ndani, yanatoka chini ya Bonde la Ufa. Madini si yale yale. Kwa hivyo ushahidi wa Aisilandi ni wa maji ya Aisilandi. Na wewe unaenda siku moja na mbogi, mnaogelea masaa mawili, mnakula nyama, mnarudi. Hiyo si matibabu. Hiyo ni form ya Jumamosi, na haina ubaya ukiijua hivyo.

Ukienda, enda na akili. Maji moto ukikaa sana yanakausha ngozi, na ngozi kavu ndio chakula cha soriasisi. Ukitoka jioshe na maji safi, kisha jipake mafuta mazito kabla ngozi haijakauka. Kama mabaka yamepasuka na yanatoa damu, subiri yafunge kwanza, bwawa la umma si mahali pa vidonda. Na usinywe hayo maji, hata mtu akikuambia yanasafisha damu. Ukitaka kujua maji ya chini ya Bonde la Ufa yana nini, tazama meno ya watu waliokulia Naks, Gilgil na Naivasha. Ile rangi ya kahawia ni floraidi, tumeinywa kwa visima tangu utotoni.

Kekopey, Bogoria na Subukia

Wale hawana doo ya Olkaria wanateremka Elementaita, pale chemchemi za Kekopey karibu na Gilgil, ambapo watu wa eneo wanaoga tangu kitambo. Maji ya kule yanaogeka, na mambo ni yale yale: oga kidogo, jisuuze, jipake.

Bogoria ni stori tofauti. Maji ya chemchemi zake yanakaribia kuchemka, wageni huchemsha mayai pale. Usiende kutumbukiza mguu wenye mabaka ukidhani moto zaidi ni dawa zaidi. Kuna sababu ya kitabibu pia: ngozi ya soriasisi ikiumizwa, iwe ni kuungua, kukwaruzwa ama kukatwa, baka jipya linaweza kuota pale pale. Daktari Mjerumani anayeitwa Koebner aliliona hilo tangu karne ya 19. Ndio maana pia kinyozi anayekwangua kichwa chako na wembe, msusi anayevuta nywele hadi macho yanaenda upande, na tattoo mpya, vyote vinaweza kukuletea mabaka pale hayakuwa.

Subukia nako Wakatoliki wanapanda kilima kwenda kusali na kuchota maji ya chemchemi kwa madumu. Imani ya mtu hatuwezi kuipima na maabara, na hatujaribu. Maombi na amani ya roho vina kazi yake, hasa kwa ugonjwa ambao msongo wa mawazo unauwasha kama kiberiti. Sali, chota maji, shuka. Lakini usitupe dawa njiani ukishuka.

Hilo tulishajifunza kwa bei. Mwaka wa 2011, magari yalijipanga kilomita nyingi kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, Tanzania, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, yule aliitwa Babu. Kikombe kimoja shilingi 500 za Tanzania, kinasemekana kutibu karibu kila kitu. Wakenya walivuka mpaka kwa mat na kwa ndege. Kikombe chenyewe kilikuwa rahisi. Bei kubwa ililipwa na wale walioacha dawa zao za hospitali baada ya kunywa. Babu alifariki 2021, na hayo magonjwa bado yako.

Mitishamba: heshima iko, lakini pima

Sasa usifikirie tunacheka mitishamba. Nusu ya historia ya dawa za soriasisi ni mimea. Dithranoli, dawa ya kupaka iliyotumika miaka na miaka, ilitokana na unga wa mti wa Brazil unaoitwa araroba. Mmea mmoja wa Misri, uliotumiwa na waganga wa kale pamoja na jua kutibu madoa ya ngozi, ndio ulizaa kemikali ambayo kufikia 1974 madaktari walikuwa wanaichanganya na mwanga maalum kutibu soriasisi. Kwa hivyo mmea unaweza kuwa dawa. Swali ni huu mmea, kiasi hiki, kwa huu ugonjwa, umepimwa?

Aloe. Bonde la Ufa ni nyumbani kwa aloe, kutoka Baringo hadi Laikipia. Watu walikuwa wanaivuna porini vibaya hadi Rais Moi akatoa amri ya kuilinda mwaka wa 1986. Kwa soriasisi imepimwa. Mwaka wa 1996 watafiti waliripoti kwamba cream ya aloe iliondoa mabaka kwa watu 25 kati ya 30, na cream tupu ikasaidia 2 tu kati ya 30. Ungeishia hapo ungenunua shamba. Lakini 2005, Denmark, walijaribu tena na wagonjwa 41, aloe upande mmoja wa mwili, cream bandia upande wa pili. Ile bandia ilifanya vizuri kidogo kuliko aloe! Maana yake ni hii: inaweza kupoesha na kulainisha, hatari yake kwa kupaka ni ndogo, jaribu kwa sehemu ndogo kwanza. Usiinywe, utomvu wake wa manjano unaharisha vibaya.

Manjano. Hii bizari ina kemikali ambayo watafiti wanaifuatilia kwa sababu inapunguza uvimbe. Kwa chakula, kula bila wasiwasi. Kujipaka mwili mzima utoke rangi ya pilau, utaharibu shuka tu.

Mwarobaini. Jina linasema linatibu arobaini. Soriasisi kuwa kati ya hizo arobaini, ushahidi kwa binadamu ni mwembamba sana. Mafuta yake ukiyapaka yanaweza kulainisha magamba. Kuyanywa ni kitu kingine, na watoto wadogo wameugua vibaya kwa kunyweshwa mafuta ya mwarobaini.

Mafuta ya samaki. Majaribio yamegawanyika, mengine yanasema yanasaidia kidogo, mengine hapana. Kula omena, ni chakula kizuri hata ngozi ikikataa.

Jua. Hii ndio ya bure, na ndio yenye nguvu. Mwanga wa UVB unatuliza ile kinga iliyopagawa, ndio maana hospitali zina mashine zake. Wazungu wanasafiri hadi Bahari ya Chumvi kati ya Israel na Jordan, mita 430 hivi chini ya usawa wa bahari, ambapo hewa nzito inachuja miale mikali. Naks iko karibu mita 1,850 juu, karibu kabisa na ikweta. Jua letu halijachujwa. Dakika chache za asubuhi kwa mabaka, kila siku, zinaweza kusaidia. Saa nzima mchana itakuunguza, na ushaambiwa kuungua kunazaa nini. Kama una ualbino, ama unatumia dawa inayofanya ngozi iogope jua, hii ruka kabisa.

Mafuta ya mgando. Hii hakuna mtu anaiweka kwa TikTok kwa sababu haina mbwembwe. Vaseline, ama hata ile Arimis ya kukamulia ng'ombe ambayo nusu ya Kenya inajipaka, inafungia maji ndani ya ngozi, inalainisha magamba, inapunguza kuwasha. Mara mbili kwa siku, hasa ukitoka kuoga. Ni bei ya soo na kitu, na kila daktari wa ngozi atakuambia uanze hapo.

Kupunguza kilo, pombe na sigara. Hii pia hakuna mtu anataka kuisikia. Kama una uzito mwingi, kuupunguza kunatuliza soriasisi, na hiyo ina ushahidi kuliko chupa yoyote ya nguzo ya stima. Pombe na fegi zinaichochea.

Hatari yenyewe: ile cream ya siku tatu

Hapa ndio tunataka usome mara mbili. Kuna zile cream zinauzwa kwa kikopo bila lebo, ama lebo imeandikwa asili asilimia 100. Unapaka siku tatu, mabaka yanapotea kama uchawi. Unapigia kila mtu simu. Mwezi wa pili unarudi kununua. Mwezi wa nne ngozi imekuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, michirizi imejichora mapajani, na ukiacha siku moja mabaka yanarudi mara mbili.

Mara nyingi hiyo si mitishamba. Ni steroidi kali imefichwa ndani. London, ile ya Uingereza si ya hapa Naks, madaktari walipima cream 11 za mitishamba mwaka wa 1999. Cream 8 kati ya hizo zilikuwa na steroidi ya hospitali inayoitwa deksamethasoni, bila kuandikwa popote. Hapa kwetu, KEBS imepiga marufuku cream kadhaa za ngozi kwa sababu ya zebaki, haidrokwinoni na steroidi, na bado ukitembea utazipata kwa rafu.

Steroidi yenyewe si adui. Klobetasoli na wenzake ni dawa halali za soriasisi, daktari anakupa kwa muda mfupi, kwa sehemu fulani, kisha anakupunguzia pole pole. Shida ni kuitumia bila kujua ni nini, mwili mzima, miezi mingi, kisha kuacha ghafla. Hapo soriasisi inaweza kulipuka: mwili mzima unabadilika rangi, unachubuka, unatetemeka kwa baridi, ama malengelenge ya usaha yanatokea. Hiyo ni dharura ya hospitali, usiku huo huo. Zile tembe nyeupe ndogo za steroidi zinazotwangwa na kuwekwa kwa unga wa "mizizi" nazo zinaweza kufanya hivyo hivyo.

Na kama tayari unatumia methotreksati, sikiza. Hiyo dawa ni ya bei nafuu na inafanya kazi, lakini inamezwa mara moja kwa wiki, si kila siku, na inahitaji ini lipimwe. Ukiichanganya na pombe ama na chupa ya mizizi ambayo hujui ina nini, ini lako linapigwa pande mbili. Dame mwenye mimba ama anayepanga mimba asiiguse kabisa, na chali pia aongee na daktari kabla.

Mbona ushuhuda unakaa wa kweli?

Kwa sababu mara nyingi ni wa kweli, lakini maana yake si ile unauziwa. Soriasisi inapanda na kushuka yenyewe. Hakuna mtu anatafuta mganga siku ngozi iko fiti. Unamtafuta ikiwa mbaya kabisa. Na ikiwa mbaya kabisa, mara nyingi hatua inayofuata ni kushuka. Ukinywa kitu chochote siku hiyo, hata chai ya rangi, hiyo chai itachukua sifa.

Kuna aina moja ya madoa madogo madogo kama matone, inawapata sana vijana baada ya kuugua koo. Hiyo inaweza kuondoka yenyewe baada ya miezi kadhaa. Sasa fikiria mganga ngapi wamejengewa nyumba na hiyo peke yake. Yule ngozi yake ilirudi mwaka uliofuata hapigi video ya pili.

Lakini tusilaumu wasee peke yao

Ukweli uongewe. Watu wanaenda kwa nguzo ya stima kwa sababu hospitali iko mbali kwa kila maana. Madaktari bingwa wa ngozi ni wachache nchini, na wengi wako Nairobi. Ukiwa Kuresoi ama Rongai, fare ya kuja Naks, siku ya kazi imepotea, foleni, halafu unaambiwa dawa haipo ukanunue nje. Zile sindano za kisasa za soriasisi zipo, na bei yake itakufanya ukae chini. NHIF ilitoka, SHA ikaingia Oktoba 2024, na bado mwenye ugonjwa wa ngozi wa kudumu anajipata akitoa mfukoni. Mganga yuko mtaani, anakusikiliza nusu saa, anakuita kwa jina, anakubali ulipe pole pole. Mfumo unafaa kujiuliza kwa nini yeye anajua kukaribisha mgonjwa kuliko kaunta.

Sheria nayo inakimbia polepole. Sheria ya Afya ya 2017 inatambua tiba za asili na tiba mbadala, na inasema Bunge litunge sheria ya kuunda chombo cha kuzisimamia. Kwa miaka mingi waganga wa mitishamba walikuwa wakisajiliwa na idara ya utamaduni, kama wachezaji ngoma. Mganga mzuri anayejua mimea yake anaumia na hiyo fujo kama wewe, kwa sababu hakuna kitu kinamtofautisha na mkora mwenye kikopo na simu mbili.

Kuna mlango mmoja watu wengi hawaujui. Si lazima uanze na bingwa. Kuna maklinikal ofisa waliosomea ngozi, wengine wamefunzwa Moshi, Tanzania, kwenye chuo cha ngozi cha kanda kilichoanzishwa 1992 mahususi kwa sababu Afrika haina mabingwa wa kutosha. Ukifika hospitali ya kaunti, uliza moja kwa moja: kuna mtu wa ngozi? Siku gani?

Form ya kufanya

Moja, hakikisha ni soriasisi. Ukurutu na choa vinafanana nayo, na kila moja ina dawa yake.

Mbili, mwambie daktari dawa zote unameza. Baadhi ya dawa za presha, za malaria na litiamu zinaweza kuiwasha. Na kama imelipuka ghafla, kali, bila historia, pima HIV pia, kwa sababu wakati mwingine ngozi ndio inatoa habari kwanza, na habari ukizipata mapema dawa zipo.

Tatu, mwambie pia mitishamba unatumia. Atakukazia macho, sawa. Bora akukazie macho akijua kuliko akupe dawa inayogongana nayo.

Nne, yeyote anayekuuzia dawa muulize maswali matatu: ndani kuna nini, nitumie muda gani, na nikiacha nini kitatokea? Asipojibu hata moja, funga mfuko. Akikuambia uache dawa ya hospitali ndio yake ifanye kazi, hepa.

Tano, piga picha ya mabaka yako leo, upime gharama leo. Rudia baada ya wiki 8. Kama ngozi ni ile ile na thao kumi zimeenda, hiyo ndio majibu. Simu yako haina hisia, haitakudanganya.

Na wewe ambaye huna soriasisi umesoma hadi hapa, una kazi pia. Ukiona msee kwa mat ana mabaka mkononi, keti. Ukiwa kinyozi, mnyoe, pole pole. Ukiwa kwa bwawa, usitoke mbio. Haiambukizi, haijawahi. Matapeli wa ngozi hawauzi cream peke yake, wanauza njia ya kuhepa macho yetu, na sisi ndio tunawajengea soko kila tukisogea kando.